Video ya Aroos Imekataa Kucheza kwa Laptopu? Usifomati Kadi, Soma Hii Kwanza

Saa saba usiku, Bula Iftin. Aroos imeisha, wageni wameenda, na wewe umefika keja na kadi mbili za kamera kwa mfuko. Dipo ya klayenti ushaila nusu. Unawasha laptopu, unaingiza klipu ya kwanza kwa programu ya kuediti, unabonyeza kucheza. Sauti ya sheikh akifunga nikah inatoka safi kabisa. Picha ni nyeusi tii. Ama picha iko, lakini inaruka ruka, inasimama, inaruka tena, sauti ikienda zake mbele.

Hiyo usiku naijua. Nilikuwa nimeacha chuo, nimeazima kamera ya msee, nikapiga aroos yangu ya kwanza ya kulipwa hapa Garissa. Picha ikawa nyeusi. Nikajaribu masaa mawili, nikajiambia futeji imeungua. Asubuhi nikaenda kwa kaka ya bibi harusi, macho chini, nikamrudishia thao kumi na tano. Na juu kamera na kadi hazikuwa zangu, nikafomati kadi nizirudishe zikiwa safi. Wiki tatu baadaye binamu yangu akapata klipu moja nilikuwa nimemkopia kwa flashi. Akaiweka kwa VLC. Ikacheza. Dakika mbili na kitu za nikah, rangi poa, kila kitu. Yale masaa mengine matatu ndiyo hayako popote duniani hadi wa leo. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuchoma picha.

Futeji haikuwa imeharibika. Laptopu yangu ndiyo haikuwa inaelewa lugha ya kamera. Basi hapa nakuwekea mambo yote yanayofanya futeji ikatae, dalili zake, na dawa yake. Programu zote nitakazotaja hapa za kukagua na kubadilisha faili ni za bure, na ukishaziweka zinafanya kazi bila intaneti. Hiyo ya bila intaneti ina maana kubwa kuliko bando, utaona huko chini.

Kabla ya kugusa chochote

Kadi ya SD iko na kile kiswichi kidogo pembeni. Kisukume kwa upande wa kufunga. Sasa hakuna mtu atafuta kitu, hata wewe na usingizi wako. Kopi kila kitu kwenye kadi mpaka kwa diski, na kadi ikae kwa droo mpaka klayenti aseme amepokea kazi. Sijasema mpaka umalize kuediti. Nimesema mpaka yeye apokee.

Halafu fungua ile klipu inayosumbua kwa VLC. Ikicheza mwanzo mpaka mwisho, faili iko hai na shida ni ya programu ama mashine. Ile pleya ya Windows ikikataa usishtuke, Windows nyingi haziji na uwezo wa kufungua HEVC mpaka uongeze.

Sasa utaniuliza: kama VLC inacheza, kwani programu ya kuediti ina shida gani? Iko hivi. Kamera haiweki kila picha nzima kwa kadi, nafasi ingeisha kabla bwana harusi hajashuka kwa gari. Inaweka picha moja kamili, halafu kwa fremu kadhaa zinazofuata inaandika tu kitu gani kimebadilika. VLC inasoma kutoka mwanzo kwenda mbele, kama mtu anayesikiliza risto kutoka juu, kwa hivyo inaelewa. Lakini wewe ukiediti unaruka. Unadondoka katikati ya risto na kusema nionyeshe hapa. Mashine inabidi irudi mpaka ile picha kamili ya nyuma, ihesabu mabadiliko yote, ndipo ikupe fremu moja. Fanya hivyo mara ishirini na tano kwa sekunde, kwa 4K, kamera tatu pamoja. Hapo ndipo feni inaanza kulia kama ndege ya miraa ikienda Mandera.

Soma faili kama kitambulisho

Pakua MediaInfo. Ni ndogo, haili bando. Buruta klipu ndani yake, kisha tafuta mistari minne.

Wa kwanza ni "Format" upande wa video. Ukiona AVC, hiyo ni H.264, kodeki ya tangu 2003 ambayo karibu kila kitu inaifungua. Ukiona HEVC, hiyo ni H.265 ya 2013. Inabana zaidi, kadi inajaa polepole, lakini kuifungua ni kazi nzito. GoPro zilianza kuitumia na HERO6 mwaka wa 2017, iPhone pia mwaka huo huo, na droni nyingi zinaitumia.

Wa pili ni "Bit depth", biti 8 ama 10. Wa tatu ni "Chroma subsampling", 4:2:0 ama 4:2:2, yaani kamera imeweka taarifa ya rangi kiasi gani. Wa nne ni "Frame rate mode". Ikisema Constant, fiti. Ikisema Variable, ruka mpaka pale nimeongea kuhusu simu.

Andika hizo nne kwa karatasi. Ukiuliza msaada kwa mtu na hujui hizo nne, atakuambia tu nunua mashine ingine.

Sauti iko, picha ni nyeusi

Hii ndiyo ilinimaliza, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiona AVC ama HEVC, biti 10, 4:2:2, na unatumia DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows, umepata mchawi. Ile ya bure kwa Windows haifungui hiyo aina. Inakupa sauti na kukunyima picha, ama inaandika kuwa klipu haipatikani na uko nayo hapo. Ile ya kulipia, Studio, inafungua, lakini ni dola 295, na mimi na wewe tunajuana.

Kamera zinazoandika hivyo ni zile tunazokodi siku hizi tukitaka kuonekana wakali: Sony A7S III, A7 IV, Canon R6 ukiiweka kwa Canon Log. Ukitoka kwa A7 III, ambayo inarekodi biti 8 4:2:0 tu, unaenda kwa A7 IV ukidhani umepanda, halafu laptopu ndiyo inabaki chini.

Wengi wanakuambia tengeneza proksi. Hapa proksi za ndani ya Resolve hazitakusaidia, juu programu isiyoona picha haiwezi kutengeneza kopi yake. Lazima ubadilishe faili nje, kabla ya kuziingiza. Tumia Shutter Encoder. Weka klipu zote, chagua Apple ProRes 422 ama DNxHR HQX, elekeza kwa folda mpya kwenye diski ya nje, iache ifanye kazi usiku. Kama ulipiga kwa Log na utachezea rangi, usibadilishe kwenda biti 8, utaona mistari kwa anga na kwa ukuta wa hema.

Lakini angalia nafasi. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25 inakula megabiti kama 492 kwa sekunde. Piga hesabu: ni karibu gigabaiti 221 kwa saa moja. Masaa matatu ya aroos yatajaza diski yako na ya jirani. Ile ile kwa 1920 kwa 1080 ni megabiti 122, kama gigabaiti 55 kwa saa. Maoni yangu: klayenti wako ataangalia kwa TV ya sebuleni na kutuma vipande kwa wasapu kwa shangazi aliye Minneapolis. Shusha saizi hapo hapo kwa Shutter Encoder mpaka 1080, uendelee na maisha. Kama mkataba unasema 4K, basi mkataba pia ulipie diski.

Kuna nyeusi ingine, ya Premiere. Ukiingiza HEVC mara ya kwanza inaweza kukuambia kodeki inahitaji kuwekwa. Iko tayari kujiweka, lakini inataka intaneti kwa muda mfupi. Washa hotspoti, kubali, imeisha. Wasee wanaotumia Premiere ya kuvunjwa ndio hukwama hapa, juu yao imefungiwa intaneti. Sina mengi ya kuwaambia.

Inacheza lakini inakwama kwama

Programu inaona picha, ila mashine inachoka. Kwanza angalia prosesa. Kwa Intel soma namba baada ya ile i5 ama i7. Ukiona 6300, hicho ni kizazi cha 6. Ukiona 8250, ni cha 8. Ukiona 1135, ni cha 11. Kizazi cha 6 kilianza kufungua HEVC ya biti 8 kwa chipu yenyewe. Cha 7 kikaongeza biti 10 ya 4:2:0. HEVC ya 4:2:2 ilikuja baadaye, kwa laptopu nyingi ni kuanzia cha 11. Zile ex-UK tunazonunua huku nyingi ni kati ya cha 5 na cha 8, kwa hivyo faili ya kamera mpya inamkuta mzee wa watu hana hata fimbo. Na AVC ya biti 10 4:2:2 inasumbua hata mashine mpya. Kadi za Nvidia zilianza kuifungua kwa chipu na RTX za 50, mwaka wa 2025.

Kwa hivyo usikimbilie kununua RAM. RAM ni nzuri, lakini haifungui kodeki.

Dawa hapa sasa ni proksi. Proksi ni kopi ndogo, nyepesi, ya kila klipu. Unakata ukitumia hiyo nyepesi, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi kwa zile nzito za kamera. Kwa Premiere chagua klipu zote, bonyeza kulia, ingia "Proxy" kisha "Create Proxies", chagua ProRes Proxy ya saizi ndogo. Halafu ongeza kile kitufe cha "Toggle Proxies" chini ya dirisha la kuangalia, kikiwa cha bluu unatumia nyepesi. Kwa Resolve bonyeza kulia, "Generate Proxy Media". Hata CapCut ya kompyuta iko na proksi, kwa mipangilio upande wa utendaji. ProRes Proxy ya 1080 kwa fremu 25 inakula gigabaiti 17 hivi kwa saa, na ukiishusha mpaka 720 ni chini zaidi. Hiyo hata mashine ya kizazi cha 5 inabeba.

Siri ni kufanya mapema. Ukirudi kutoka aroos, kopi, anzisha proksi, lala. Usianze kukata kwanza halafu ukumbuke proksi ukiwa dakika ya arobaini ya taimulaini, na umeshatukana kila mtu kwa nyumba.

Kama hutaki proksi na ni kazi fupi, shusha ubora wa kuangalia. Kwa Premiere ni pale pameandikwa "Full", weka 1/2 ama 1/4. Haigusi video ya mwisho, ni macho yako tu yanaona ukungu.

Halafu kuna mambo ambayo si ya programu kabisa, ni ya huku kwetu.

Chaja. Laptopu ikitumia betri, Windows inapunguza nguvu. Klipu ile ile inayokwama kwa betri inaweza kucheza poa ukichomeka stima. Jaribu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Joto. Februari na Machi Garissa inapita nyuzi 35 mchana, na ndani ya chumba cha mabati ni zaidi. Prosesa ikipata moto sana inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Ndiyo maana saa mbili asubuhi video inateleza, saa nane mchana inakwama, na hujabadilisha kitu. Inua laptopu kwa vitabu viwili hewa ipite chini, toa vumbi kwa feni, usiweke juu ya godoro. Mimi nakata kutoka saa nne usiku. Mathe anadhani nina tabia mbaya, kumbe ni joto.

Diski. Kamera moja ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, hiyo ni rahisi. Kamera tatu kwa wakati mmoja ni 37.5, na hapo diski ya kuzunguka iliyochomekwa kwa USB ya zamani inashika breki. Tafuta tundu la bluu, hilo mara nyingi ndilo USB 3, na uangalie waya pia, juu waya wa zamani unarudisha kila kitu nyuma. SSD ndogo ya nje ni pesa nzuri zaidi utakayotumia. Na usiediti moja kwa moja kutoka kwa kadi. Najua umewahi.

Mdomo unaenda, sauti inafuata nyuma

Mwanzo wa klipu iko sawa. Dakika ya kumi mtu amefunga mdomo na bado anaongea. Huyo ni mtoto wa simu.

Simu haishiki idadi moja ya fremu. Giza likiingia inapunguza, ikipata moto inapunguza, halafu inaongeza. Ndiyo ile "Variable" ya MediaInfo. Programu ya kuediti inataka idadi moja isiyobadilika, kwa hivyo inakadiria, na kila kadirio linasukuma sauti kidogo. Aprili na Mei 2024, Tana ilipofurika na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika upande wa Mororo, kila mtu alikuwa mwanahabari. Boti, lori kwa maji, watu wakiongea na kamera ya simu. Nilijaribu kuunganisha klipu za wasee wanne na hakuna mdomo ulikubaliana na sauti.

Dawa ni HandBrake. Weka klipu, ingia kwa "Video", chagua "Constant Framerate", weka idadi iliyo karibu na ile ya MediaInfo. Kama imeandikwa 29 na kitu, weka 30. Kile kipimo cha ubora kisukume mpaka 18 hivi, namba ndogo ni ubora zaidi. Kisha ingiza hiyo mpya. Kama ulishaanza kukata na ile ya zamani, pole, sauti utaivuta kwa mkono ama uanze upya.

Klipu uliyopokea kwa wasapu imeshaminywa, rangi imeenda, na HandBrake haitairudisha. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti, ama aje na waya. Kwa iPhone mwambie aingie mipangilio ya kamera, "Formats", aweke "Most Compatible" kabla ya kupiga, itaandika H.264 badala ya HEVC.

Sauti inakatika penye klipu zinaungana

Hii ni fupi. Kamera za mkono zinazoandika AVCHD, zile faili za MTS, zinakata rekodi ndefu vipande vipande. Wewe ukiingia ndani ya kadi, ukachagua zile MTS peke yake na kuacha folda zingine ukidhani ni takataka, programu haijui vipande vinafuatana. Unapata kashimo ka sauti kila kiungo, na kwa mawaidha ya sheikh ya dakika hamsini watu watasikia. Kopi kadi nzima na folda zake, PRIVATE na kila kitu, usibadilishe majina. Kwa Sony za XAVC folda inaitwa M4ROOT, hiyo pia iache ilivyo. Kisha ndani ya Premiere ingia kupitia "Media Browser", usiburute kutoka kwa folda. Itaziona kama klipu moja ndefu.

Hata VLC imekataa

Sasa hapa ndipo kuna shida ya kweli. Angalia saizi. Kama faili kwa kadi ni gigabaiti 3.9 na kwa laptopu ni 1.2, kopi ilikatika. Kopi tena.

Garissa iko na plant ya sola ya megawati 50, ilifunguliwa Desemba 2019, inalisha gridi ya taifa, na bado stima inaweza kupotea ukiwa asilimia 93. Wajir na Mandera zimeishi miaka mingi na mitambo ya dizeli ya hapo hapo, wasee wa huko hawahitaji kuelezewa. Kwa hivyo kanuni ni moja: kopi, usikate na kubandika. Ukikata na stima ipotee katikati, unaweza kubaki bila huku na bila kule. Ikimaliza, linganisha idadi ya faili na jumla ya saizi, kadi dhidi ya diski. Dakika moja tu. Halafu fungua klipu tatu ovyo, ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho.

Kama saizi ni sawa na bado inakataa, jiulize kama betri ya kamera iliisha ikirekodi. MP4 inaandika faharasa yake mwisho kabisa, kwa hivyo ikizimika ghafla picha zipo lakini hakuna ramani. Kwanza rudisha kadi kwa kamera ile ile na uiwashe. Sony nyingi zitakuuliza kama unataka kurekebisha hifadhi ya picha, kubali. Isipofaulu, kuna programu ya bure inaitwa untrunc. Inataka klipu nzima, isiyo na shida, kutoka kamera hiyo hiyo na mipangilio hiyo hiyo, inaitumia kujua venye ile mbovu ilipaswa kupangwa. Kwa hivyo usifute zile klipu za kujaribu za sekunde tano, siku moja moja yao itakuokoa.

Na kama ulifomati? Simama. Usirekodi hata sekunde. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, vitu vyenyewe mara nyingi viko mpaka viandikwe juu. PhotoRec ni ya bure, inachimba kadi nzima na kutoa inachopata kwa diski ingine. Video ndefu zinaweza kurudi vipande. Mimi nilifomati, nikarudisha kadi, mwenyewe akapiga nayo aroos mbili za Masalani. Kwisha.

Kadi yenyewe inaweza kuwa feki, imeandikwa gigabaiti 256 na ndani ni 32. Inarekodi vizuri, halafu kila kitu baada ya 32 ni hewa. Ukinunua kadi, ijaribu siku hiyo hiyo na H2testw kwa Windows. Inajaza kadi nzima na kusoma tena. Itachukua masaa, lakini heri ujue ukiwa nyumbani kuliko kwenye shaash saar.

Upande wa kina mama

Hapa naomba usome polepole.

Aroos ya huku iko na pande mbili. Upande wa wanawake hupigwa na mwanamke, na ndani huko kina mama wametoa hijabu, wanacheza, buraanbur inapigwa. Hiyo futeji si ya macho ya mwanaume yeyote wa nje, na familia inakupa kazi kwa kuamini hivyo. Binamu yangu, abaayo mmoja mkali kuliko mimi kwa kila kitu, hupiga na kuediti upande huo peke yake, mlango umefungwa. Kamera yake ikikataa kusoma kwa laptopu hawezi kuibeba kwa fundi wa mjini. Hawezi kuniletea mimi. Ndiyo maana alijifunza haya yote kabla yangu, na ukweli ni kwamba nusu ya makala hii ni yeye amenifunza, kwa simu, mimi nikimsomea mistari ya MediaInfo ya faili zangu.

Kwa hivyo ukiwa na futeji ya aina hiyo: usipakie kwa zile tovuti za kubadilisha video. Faili inaenda kwa kompyuta ya mtu usiyemjua, na hata wakisema wanafuta baada ya saa moja, wewe utajuaje. Shutter Encoder na HandBrake zinafanya kazi ile ile na intaneti imezimwa. Usiache laptopu kwa fundi na diski ndani, toa diski ya nje ubaki nayo. Ukihitaji msaada, tuma picha ya ile mistari minne ya MediaInfo, haina sura ya mtu. Ama rekodi klipu ya sekunde kumi ya ukuta na mipangilio ile ile, umpe fundi ajaribu nayo. Ikifunguka hiyo, zingine zote zitafunguka.

Sheria pia iko, ile ya kulinda data ya 2019, lakini huku hutasubiri mahakama. Video moja ikivuja, hakuna familia kutoka hapa mpaka Eastleigh itakuita tena, na bibi harusi ataibeba hiyo aibu kuliko wewe.

Na hiki watu wengi hawakijui: proksi ni video. Ukimaliza kazi ukafuta futeji ya kamera lakini ukaacha folda ya proksi, bado uko na aroos nzima kwa laptopu, ndogo lakini inaonekana vizuri tu. Programu pia inaweka kache. Kwa Resolve ingia "Playback", kisha "Delete Render Cache", na "All". Kwa Premiere ni kwa mipangilio, "Media Cache", futa. Siku ya kuuza laptopu ama kumwazima mtu, hizo ndizo za kwanza kuangalia.

Kabla ya aroos ijayo

Piga klipu ya dakika moja na kamera utakayotumia, mipangilio utakayotumia, uiingize kwa laptopu yako siku mbili kabla. Kama ni kamera ya kukodi, ombeni hiyo dakika moja dukani. Kama klayenti hataki mambo ya rangi za sinema, weka Sony kwa XAVC S, biti 8, 4:2:0, fremu 25, na shida zote za picha nyeusi hutaziona. Ukitaka biti 10 na una HEVC kwa mashine ya kizazi cha 7 kwenda mbele, A7 IV inakubali XAVC HS ya 4:2:0. Simu zote za wasaidizi ziwekwe idadi moja ya fremu.

Kisha bei. Ongeza siku mbili kwa ile tarehe unayomwambia klayenti, za kukopi na kutengeneza proksi. Akiuliza kwa nini, mwambie ni stima.